Kuridhika si Kujifunza: Vyuo Vikuu Vinavyopima Maoni na Ushiriki wa Wanachuo

Dodoso la kutathmini kozi na wahadhiri, ambalo wanachuo wa shahada ya kwanza hujaza muhula unapokaribia kwisha, limekuwa jambo la kawaida katika maisha ya chuo kikuu, kiasi kwamba wengi hulimaliza kwa dakika chache bila kujiuliza majibu yao yanakwenda wapi na yanapima nini hasa. Nyuma ya dodoso hilo kuna taaluma ya upimaji yenye umri wa miaka mingi, na ndani yake yamo mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara, yaani kuridhika kwa mwanachuo na ushiriki wake. Kuridhika ni hukumu anayoitoa mwanachuo juu ya huduma aliyoipata akiilinganisha na ile aliyoitarajia, ilhali ushiriki ni muda, juhudi na fikra anazoziweka katika masomo, pamoja na mazingira ambayo chuo kimeyaandaa ili juhudi hizo ziwezekane. La kwanza linahusu anavyoona na la pili linahusu anavyofanya, na chuo kinachopima la kwanza kwa kudhani kwamba kimeshapima la pili hujikuta kikifanya maamuzi makubwa kwa kutegemea takwimu zisizojibu swali lililokuwapo.

Chimbuko la wazo la ushiriki

Wazo la ushiriki lina mzizi wake mmoja katika swali la wanaoacha chuo. Mwaka 1975 Vincent Tinto, msomi wa Marekani, alichapisha makala iliyoeleza kwamba mwanachuo haachi masomo kwa sababu ya uwezo wake wa darasani peke yake, bali pia kwa kushindwa kujiona kuwa sehemu ya chuo, iwe kitaaluma, kupitia alama zake na uhusiano wake na wahadhiri, au kijamii, kupitia marafiki na vikundi anavyojiunga navyo. Mwaka 1984 Alexander Astin akatoa nadharia ya kujihusisha, iliyodai kwamba kiasi anachojifunza mwanachuo hulingana na nguvu za mwili na akili anazozitoa, na kwamba ubora wa sera yoyote ya chuo hupimwa kwa jinsi inavyoziongeza nguvu hizo. Baadaye Jennifer Fredricks na wenzake, walioandika mwaka 2004 kuhusu wanafunzi wa shule, waliueleza ushiriki kwa pande tatu ambazo sasa hutumika vyuoni pia: upande wa matendo, kama kuhudhuria vipindi na kukabidhi kazi kwa wakati, upande wa hisia, kama kulipenda somo na kujisikia mwenyeji, na upande wa fikra, yaani kujibidiisha kuelewa jambo gumu badala ya kulikariri. Mgawanyo huo una maana kubwa, kwa kuwa yupo mwanachuo anayesaini karatasi ya mahudhurio kila siku huku mawazo yake hayamo darasani, na yupo mwingine anayekosa vipindi kadhaa kwa sababu ya kibarua, lakini usiku anasoma kwa bidii kuliko wenzake.

Nchi mbili, maswali mawili

Nadharia hizo zilipata umbo la kipimo cha kitaifa nchini Marekani mwaka 2000, pale utafiti wa ushiriki wa wanafunzi unaojulikana kwa kifupi chake cha NSSE ulipoanza rasmi chini ya George Kuh katika Chuo Kikuu cha Indiana, kwa ufadhili wa Pew Charitable Trusts. Wakati huo vyuo vya nchi hiyo vilikuwa vikipangwa magazetini kwa sifa, utajiri na ugumu wa kupata nafasi, mambo yasiyosema lolote kuhusu kinachompata mwanachuo akishaingia. NSSE huwauliza wanachuo wa mwaka wa kwanza na wa mwaka wa mwisho mambo waliyoyatenda katika mwaka wa masomo unaoendelea: mara ngapi wameuliza maswali au kuchangia mjadala darasani, mara ngapi wameingia darasani bila kusoma walichoagizwa, mara ngapi wamewaeleza wenzao mambo ya kozi, na mara ngapi wamezungumza na mhadhiri kuhusu kazi wanayotaka kuifanya baada ya masomo. Huulizwa pia saa wanazotumia kwa wiki kujiandaa kwa vipindi, kufanya kazi ya kipato na kusafiri kwenda na kurudi chuoni. Faida ya maswali ya namna hii ni kwamba jibu lake linaonyesha pa kuanzia, kwa kuwa mkuu wa idara anayegundua kwamba wanachuo wengi wa mwaka wa kwanza hawajawahi kuzungumza na mhadhiri nje ya kipindi anajua cha kufanya, tofauti na yule anayeambiwa tu kwamba idara yake imepata wastani wa 3.7.

Uingereza ilichukua njia nyingine. Utafiti wake wa kitaifa, unaofahamika kama NSS, umefanyika kila mwaka tangu 2005 miongoni mwa wanachuo wa mwaka wa mwisho, na asili yake ni dodoso la uzoefu wa kozi lililobuniwa Australia na Paul Ramsden. NSS iliegemea zaidi upande wa kuridhika, na matokeo yake hutangazwa hadharani ili anayeomba nafasi aweze kulinganisha chuo na chuo, kozi na kozi. Hoja ya kumtazama mwanachuo kama mteja ilipata nguvu zaidi England baada ya ada kuruhusiwa kufikia pauni 9,000 kwa mwaka kuanzia 2012.

Kutangazwa huko ndiko kulikozaa matatizo, kwa kuwa kipimo kinachoamua nafasi ya chuo katika orodha za ubora hukoma kuwa kioo na kuwa mashindano. Mwaka 2008 ilifichuka kwamba wahadhiri wa idara moja katika chuo kimoja cha London waliwashauri wanachuo wao watoe alama za juu, wakiwakumbusha kwamba cheti cha idara yenye sifa mbaya hakitawafaa mbele ya waajiri. Mwaka 2017 Chama cha Kitaifa cha Wanafunzi kiliongoza kampeni ya kuisusia NSS kwa kuwa matokeo yake yalikuwa yameunganishwa na mfumo wa kupima ufundishaji ambao nao ulihusishwa na upandishaji wa ada, na baadhi ya vyuo, vikiwamo Oxford na Cambridge, havikupata waliojibu wa kutosha kuweza kutangaziwa matokeo. Ulipofika mwaka 2023 wasimamizi waliliondoa kwa upande wa England swali la jumla lililouliza kama mwanachuo ameridhika, wakaacha pia mtindo wa kumtaka akubali au akatae kauli, na badala yake wakamuuliza moja kwa moja, kwa mfano, jinsi wahadhiri wanavyoeleza mambo vizuri.

Namba zinavyoweza kupotosha

Sehemu kubwa ya madodoso ya vyuoni hutumia skeli ya Likert, iliyopewa jina la Rensis Likert aliyeieleza mwaka 1932, ambayo humpa mjibuji kauli na kumtaka achague kati ya ngazi kadhaa, kwa kawaida tano, kuanzia kukataa kabisa hadi kukubali kabisa. Ngazi hizo hupewa namba, namba hujumlishwa, na wastani ndio unaofika mezani kwa mkuu wa idara. Hata hivyo, wastani huficha mengi. Tuseme kozi mbili zimepata wastani wa 3: katika ya kwanza kila mwanachuo amechagua 3, na katika ya pili nusu wamechagua 1 na nusu wamechagua 5. Kozi ya kwanza imefundishwa kwa namna isiyomgusa mtu, ilhali ya pili imelipasua darasa katikati, labda kwa sababu nusu yake ilikuja na msingi wa hisabati na nusu nyingine haikuwa nao, na dawa ya kozi moja haiwezi kuwa dawa ya nyingine. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba mtawanyiko wa majibu, yaani jinsi yalivyogawanyika katika kila ngazi, utazamwe pamoja na wastani.

Jambo la pili ni kiwango cha majibu, ambacho ni sehemu ya wote walioulizwa iliyojibu. Darasa la watu 400 ambalo ni 60 tu waliojaza dodoso lina kiwango cha asilimia 15, na hao 60 mara nyingi si picha ya wenzao, kwa kuwa wanaojitokeza huwa ni wenye furaha kubwa au wenye kinyongo, huku walio katikati wakinyamaza. NSS hukabili tatizo hilo kwa kutotangaza matokeo ya kozi isipokuwa angalau wanachuo 10 na nusu ya wahusika wamejibu. Vipo vyuo vinavyomzuia mwanachuo kuona matokeo ya mitihani mpaka ajaze dodoso, njia inayoongeza idadi ya majibu lakini haiongezi ukweli wake, maana mtu mwenye haraka ya kuona alama zake hubofya ngazi ileile kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho.

Je, aliyeridhika amejifunza?

Swali zito zaidi ni kama alama za kuridhika zinaonyesha kujifunza, na tafiti mbili za Marekani zinatia shaka. Mwaka 2010 Scott Carrell na James West walichapisha uchunguzi uliofanywa katika Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, ambako wanafunzi hupangiwa wahadhiri kwa bahati nasibu na hufanya mtihani mmoja, hivyo tofauti kati yao haziwezi kuelezwa kwa kuchagua mwalimu. Walikuta kwamba wahadhiri waliosifiwa zaidi ni wale ambao wanafunzi wao walifaulu katika kozi ya mwanzo, lakini wanafunzi haohao walielekea kufanya vibaya zaidi katika kozi zilizofuata za somo hilohilo. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard waliwagawa wanachuo wa fizikia katika makundi mawili, moja likisikiliza mhadhara uliopangika vizuri na jingine likitatua maswali kwa vikundi. Kundi la pili lilijifunza zaidi kwa mujibu wa mtihani, ingawa wenyewe waliamini kwamba wamejifunza kidogo. Sababu ni kwamba kuhangaika na swali gumu huleta hisia ya kutojua, na mhadhara unaotiririka huleta hisia ya kuelewa, na mwanachuo anapojaza dodoso huandika anavyojisikia.

Hukumu ya mwanachuo huathiriwa pia na mambo yasiyohusu ufundishaji. Katika jaribio lililochapishwa na Lillian MacNell na wenzake mwaka 2015, lililohusu darasa dogo la mtandaoni, walimu wasaidizi wawili walibadilishana utambulisho wa kijinsia ili baadhi ya wanachuo wadhani mwanamke ni mwanamume na kinyume chake. Aliyedhaniwa kuwa mwanamume alipata alama za juu hata katika kipengele cha kurudisha kazi kwa wakati, japokuwa kazi zilirudishwa kwa wakati mmoja. Hayo hayamaanishi kwamba maoni ya wanachuo hayana thamani. Wao ndio mashahidi wa kwanza wa mhadhiri asiyefika darasani, maktaba isiyo na vitabu, kazi zisizosahihishwa na alama zisizoelezwa, na kwa mambo hayo hakuna shahidi bora. Wasichoweza kuthibitisha peke yao ni kiasi walichojifunza.

Kipimo kikivuka mipaka

Katika Afrika Mashariki, tathmini ya wanachuo ni sehemu ya udhibiti wa ubora unaosimamiwa na vyombo kama Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania na, kwa ngazi ya kanda, Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki. Kuazima dodoso la ng'ambo si kosa, lakini maswali hubadilika maana yanapobadilishiwa mazingira. Swali la mara ngapi mwanachuo amechangia darasani, likiulizwa kwa aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa amekaa nyuma ya ukumbi wenye mamia ya watu akisikiliza mhadhara wa Kiingereza, hupima ukubwa wa ukumbi na hofu ya kukosea lugha kabla ya kupima ari yake. Vivyo hivyo heshima kwa mwalimu, pamoja na wasiwasi wa kutambuliwa na mtu anayesahihisha mtihani, humfanya mjibuji apandishe alama kuliko anavyoamini.

Kinyume chake, ushiriki mwingi hutokea mahali ambapo dodoso halifiki. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingine vya Tanzania, vimbweta, yaani meza na viti vya zege vilivyojengwa nje, ni darasa la pili, ambako vikundi vya mjadala hukutana, madesa, yaani nakala za maelezo ya masomo, hupitishwa mkono kwa mkono, na aliyeelewa humfafanulia mwenzake kwa Kiswahili jambo lililofundishwa kwa Kiingereza. Dodoso lisilouliza habari za vimbweta litamwandika mwanachuo huyo kuwa mkimya asiyeshiriki. Yapo pia mambo ambayo si ya darasani lakini huamua saa za kusoma, kama fedha za mkopo kuchelewa, safari ndefu za daladala, na kubebana bwenini, yaani wawili kulala kwenye kitanda cha mmoja. Afrika Kusini imeonyesha kwamba kipimo kinaweza kutoholewa badala ya kunakiliwa, kwa kuwa utafiti wake wa ushiriki, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Free State, ulitokana na NSSE ukarekebishwa kulingana na hali ya wanachuo wa huko.

Kwa hiyo chuo kinachotaka kujua hali ya wanachuo wake kinahitaji zaidi ya dodoso moja la mwisho wa muhula, ambalo hata hivyo humkuta anayelijaza akiwa amebakiza mtihani tu, wakati hakuna kinachoweza kurekebishwa kwa faida yake. Maswali machache katikati ya muhula, mazungumzo ya vikundi vidogo yanayoongozwa na mtu asiyefundisha kozi hiyo, na kumbukumbu za mahudhurio na kazi zilizokabidhiwa, vikisomwa pamoja, huonyesha anayeona mambo vibaya na pia sababu ya kuona hivyo. Matokeo yakishapatikana, wanachuo wana haki ya kuambiwa ni malalamiko yapi yamefanyiwa kazi, yapi yamekataliwa na kwa sababu gani, kwa kuwa asiyewahi kuona jibu la dodoso la mwaka wa kwanza hana sababu ya kulijaza kwa makini la mwaka wa tatu, na chuo kitabaki na takwimu nyingi zisizomsaidia mhadhiri kufundisha vizuri zaidi wala mwanachuo kusoma zaidi.