Kipepeo wa Ngangao

Ukitoka Voi kupanda Wundanyi, joto la Tsavo linabaki nyuma na watu wanaanza kutafuta sweta. Ukifika msitu wa Ngangao, simama pale jua linapopenya majani, utulie. Siku ya bahati atapita: mweusi, amevaa utepe wa buluu iliyochanganyika na kijani. Akikunjua mabawa unang'aa, akiyafumba unazimika.

Kitaalamu anaitwa Papilio desmondi teita. Kwao ni Milima ya Taita, basi. Kwingine duniani hayupo. Wengi katika ukoo wake wana mikia kama ya mbayuwayu, ingawa yeye hana mkia mrefu.

Ndugu yake huenda unaye uani. Chungulia mlimau wako, umtafute kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege. Akikua hugeuka kijani. Mguse kwa kijiti, na nyuma ya kichwa zitachomoza pembe mbili laini zenye harufu kali. Tafadhali usimuue. Huyo ameshazoea miti ya bustani, na ameenea karibu Afrika yote kusini mwa Sahara. Wa Taita anataka msitu wa ukungu.

Na msitu huo umebaki viraka. Ngangao ni takriban hekta 120, Chawia haifiki 100, na Mbololo imejitenga ng'ambo ya bonde la Paranga. Katikati ni mahindi, maharagwe na nyumba za watu. Mkulima simlaumu, lazima watoto wale. Kinachoniuma ni mikaratusi na misonobari iliyopandwa vilimani: kwa mbali unaapa ni msitu.

Kipepeo jike hadanganyiki. Kabla ya kutaga hutua juu ya jani na kuligongagonga kwa miguu ya mbele, maana ladha anaionja kwa miguu. Jani lisipokuwa la mti anaoujua mwanawe, anaruka. Juu ya mkaratusi ataruka jani hadi jani, na mayai yake bado anayo tumboni.

Wataita walikuwa na fighi, misitu ya matambiko isiyoguswa shoka, na leo wapo wenyeji wanaootesha miche ya miti ya asili. Mikaratusi ya vilimani ikivunwa, miche hiyo ndiyo ipandwe mahali pake, na miti ya jamii ya mlimau iliyo ya msitu huo, anayoila kiwavi wa kipepeo huyu, isisahauliwe.