Enameli, Ngumu Kuliko Dhahabu ya Nyamongo

Mchimbaji mdogo wa Kewanja, Nyamongo, anayeponda mawe kutwa nzima ana kitu kinywani mwake kigumu kuliko dhahabu anayoitafuta. Katika kipimo cha Mohs, dhahabu hupata kati ya 2.5 na 3. Enameli, lile gamba jeupe linalofunika jino, hufika 5. Hakuna kitu kigumu zaidi katika mwili wa binadamu, hata mfupa, kwani takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini.

Rekodi yake ya pili ni ya kusikitisha. Mguu ukivunjika kwa ajali ya bodaboda, ukanyooshwa na kufungwa plasta, mfupa huunga. Enameli ikimeguka haioti tena, kwa kuwa seli zilizoijenga hufa jino linapochomoza.

Lakini seli hizo zikiwa hai hutoa protini, na iliyo nyingi kuliko zote ni amelojenini, takriban asilimia 90 ya protini za enameli changa. Kazi yake ni kuongoza madini yajipange. Ikishamaliza, vimeng'enya huikatakata na kuiondoa. Kwangu mimi, ajabu kubwa kuliko zote ndiyo hii inayofuata. Mtafiti wa Sweden, Lars Hammarström, alitoa hoja kwamba protini hizi hushiriki pia kuujenga mzizi wa jino, si enameli peke yake. Ikiwa ni hivyo, kwa nini zisirudishwe kwenye mzizi ulioharibiwa na ugonjwa wa fizi? Miaka ya 1990 yeye na wenzake walizichukua kwenye vichipukizi vya meno ya nguruwe wachanga, wakazitia katika jeli, na mwaka 1997 matokeo yao yalichapishwa.

Daktari hufungua ufizi, hukwangua uchafu kwenye mzizi mpaka uwe safi, kisha hupaka jeli. Jeli hiyo ina asidi. Asidi ikipungua ndani ya mwili, protini huganda na kuushika mzizi. Seli za jirani huja kujenga upya utando mgumu wa mzizi, nyuzi zinazolishikilia jino na mfupa wa taya uliolika. Tishu isiyoweza kujitibu imetoa dawa ya mfupa! Mgonjwa Mwislamu, au yeyote asiyetumia nguruwe, ana haki ya kuelezwa asili ya jeli hiyo kabla ya kutibiwa.

Sifa hiyo isivutwe kupita kiasi. Ushahidi wenye nguvu uko kwenye mashimo ya mfupa yanayozunguka jino. Mfupa wa paja uliovunjika hautibiwi kwa jeli hii, na mtu akikuuzia kwa ahadi hiyo, mkatalie.

Kwa uzee wa protini za enameli, Afrika Mashariki inatamba. Mwaka 2025 watafiti walitangaza mabaki ya protini katika enameli ya wanyama wa Buluk, Turkana, Kenya, yenye miaka milioni 18. Kifaru wa kale wa Kanada aliyetangazwa mwaka huohuo ana umri mkubwa zaidi, ila yeye alihifadhiwa na baridi ya Aktiki, na joto ni adui wa protini. Ndiyo maana ushindi wa Turkana naupa uzito zaidi. Na ukitoka Nyamongo, ukivuka Serengeti kuelekea kusini-mashariki unafika Olduvai, ambako Mary Leakey aliliona fuvu la Zinj, jamaa wa kale wa binadamu, tarehe 17 Julai 1959. Jamii ya Zinj inajulikana kwa magego makubwa na enameli nene kupindukia.

Rekodi tusiyoitaka ni ya floraidi. Ziwa Nakuru limewahi kupimwa miligramu 2,800 kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi 1.5. Floraidi ikizidi mwilini mwa mtoto, protini huchelewa kuondoka kwenye enameli inayokomaa. Jino hutoka na vitundu, baadaye hugeuka kahawia, na kwa wanaokunywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka mingi hata mifupa hupinda. Kituo cha Ngurdoto, Arusha, huchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Meno ya mbele ya ukubwani hujengwa ndani ya taya tangu uchanga. Mzazi mwenye kisima kipya, peleka maji yapimwe floraidi kabla mwanao hajaanza kuyanywa.