Pikipiki Inayozimika Ikienda Polepole: Ugonjwa Uko Wapi?



Wote munaijua pikipiki ya shule. Ule usiku mwenzetu mumoja wa internati aliposhikwa na malaria kali, njo hiyo ilimubeba ku hospitali. Ku barabara nzuri ilikimbia bila neno. Lakini walipofika ku daraja la mbao, pale mutu anapaswa kwenda polepole sana, motere ikakohoa mara mbili, ikazimika. Mugonjwa alikuwa katikati, kati ya muendeshaji na musimamizi wa internati, naye hana hata nguvu ya kushuka. Wakapiga kiki katika giza, wakapiga tena, mpaka mwisho ikawaka. Mwenzetu alipona na leo anasoma pamoja nasi. Lakini sisi tulibaki na ulizo: namna gani motere inayopanda mulima na watu watatu inashindwa kuvuka daraja polepole?

Fundi wa kwanza alichukua turnevisi, akakaza visi ya ralanti mpaka motere ikapiga kelele hata pikipiki imesimama. Akasema, «Sasa haitazimika.» Ni kweli, haikuzimika siku tatu. Lakini ku muteremuko ilikuwa inasukuma mbele wakati unataka isimame, na esanse ilikwisha mbio. Fundi wa pili alisema karbiratere imekufa, tununue mupya. Bwana Prefe alikuwa karibu kutoa feza. Hapo sisi wa kikundi cha ufundi tuliomba ruhusa ya kuifungua kwanza, na haya tunayoandika ni mambo tuliyoona.

Karbiratere ni chombo kinachochanganya esanse na hewa mbele ya kuingia mu motere. Wengi wanafikiri esanse inapita njia moja tu. Kumbe njia ni mbili. Iko njia kubwa, yenye jikleri kubwa na sindano ndefu, ambayo inafanya kazi ukikamata gaze sana. Tena iko njia ndogo, yenye jikleri ya ralanti, ambayo inalisha motere wakati gaze imefungwa, mpaka karibu sehemu moja ya nane ya kufunguka kwake. Jikleri ni kisumari cha shaba chenye tundu katikati. Tundu la ile ndogo halifiki nusu ya milimetre! Uchafu kidogo tu, ambao hauwezi kuziba njia kubwa, unaziba hii yote.

Basi pikipiki inayokimbia vizuri na kuzimika polepole, yenyewe imekwisha kukuambia ugonjwa. Tangi inatoa esanse, njia kubwa ni safi, buji inatoa moto. Tafuta ku njia ndogo, ao tafuta pahali hewa inaingia bila ruhusa.

Namna ya kutenganisha ni starteri. Motere ikiwa ya moto, vuta starteri kidogo. Kama inakimbia vizuri zaidi, ni kusema ilikuwa na njaa ya esanse: jikleri imeziba, ao hewa inazidi. Kama inazidi kusongwa na kutoa moshi mweusi, esanse ndiyo inazidi: pengine filtri ya hewa imejaa mavumbi, ao esanse katika kikombe cha chini inapanda kupita kipimo. Yetu ilifurahia starteri. Tena ilikuwa inapiga tu-tu-tu ku tuyo ya moshi kila mara tulipoacha gaze, na hiyo vilevile ni alama ya njaa.

Mbele ya kufungua tulitazama mambo madogo. Tuligeuza usukani kushoto na kuume motere ikiwaka. Sauti ingebadilika, kable ya gaze ingekuwa inavutwa. Haikubadilika. Kiisha tulipaka maji ya sabuni pale karbiratere inaposhikana na motere, mahali pa kile kimupira cha duara. Kama kimupira kimepasuka, maji yananyonywa na sauti inageuka. (Wengine wanamwanga esanse hapo. Musifanye hivyo, motere ni ya moto!) Hapo pia palikuwa pazima. Tulitoa buji: ilikuwa nyeupe kuliko ile rangi ya kahawa inayotakiwa, alama tena ya njaa.

Hapa tuseme kitu cha kuchekesha. Tulimutuma mutoto wa mwaka wa kwanza alete buji ya pili ku magazini. Akarudi mbio na buji ya kumulika, tena amekwisha kuiwasha, maana ilikuwa inaanza kuwa giza! Kikombe cha esanse kilikuwa wazi chini ya miguu yetu. Tulipiga kelele wote pamoja, naye akaitupa mu majani na kuikanyaga. Tangu siku hiyo tunafanya kazi hii mchana tu, inje, mbali na moto. Na hata wakati wa kujaribu motere, haifai kuiwasha ndani ya nyumba iliyofungwa, sababu moshi wake unaua.

Tulifunga robine, tukafungua kile kivisi cha chini na kupokea esanse mu chupa ya kioo. Baada ya dakika chache tukaona matone ya maji yamekaa chini kabisa, maana maji ni mazito kuliko esanse, na mchanga laini pamoja nayo. Hatuwezi kushangaa. Esanse yetu tunainunua kwa wale tunaowaita makadhafi, mu chupa na bidoni, na kila bidoni ina historia yake. Tangu hapo tunapitisha esanse mu kitambaa safi na tunaiacha itulie mbele ya kumwanga mu tangi. Ile iliyobaki chini hatuitii.

Tulipotoa jikleri ya ralanti, tukaitazama ku jua: giza tupu. Esanse iliyokaa muda mrefu wakati wa likizo ilikuwa imekauka na kuacha kitu kama gundi. Mumoja wetu alitaka kuingiza sindano ya kushona. Hapana! Chuma ni kigumu kuliko shaba. Tundu likipanuka hata kidogo sana, kipimo kimeharibika na hapo kweli utanunua. Tuliilaza katika esanse safi usiku muzima, ndani ya chupa iliyofungwa. Asubuhi tukapitisha uzi mumoja wa shaba laini kutoka waya ya taa, bila nguvu, kiisha tukapuliza na pompe ya baiskeli. Tundu likaonekana kama nyota. Tulipuliza vilevile zile njia ndogo za mwili wa karbiratere, maana kusafisha jikleri na kuacha njia yake ni kazi ya nusu.

Sasa kutengeneza visi. Ziko mbili, na watu wanazichanganya. Ile ya ralanti inainua mwendo tu. Ile nyingine ndogo inapima muchanganyiko. Tena uangalie iko upande gani. Ikiwa upande wa filtri, inapima hewa: kuifungua kunapunguza nguvu ya esanse. Ikiwa upande wa motere, inapima muchanganyiko wenyewe: kuifungua kunaongeza esanse. Yetu iko upande wa motere. Tuliikaza polepole mpaka mwisho tukihesabu mizunguko (ukitumia nguvu, ncha yake inakatika), tukairudisha muzunguko mumoja na nusu. Hiyo ni pa kuanzia tu. Kiisha tuliendesha dakika kumi motere ipate moto, tukashusha ralanti, tukageuza ile ndogo robo kwa robo mpaka pale motere inakimbia mbio zaidi, tukashusha ralanti tena. Ku motere za mufano wa Honda CG 125, iliyotoka mwaka 1976 na ambayo viwanda vingi vya China vilifuata umbo lake, ralanti ni karibu mizunguko 1.400 kwa dakika. Hatuna kipimo, tulisikiliza kwa masikio.

Ku mulima kuna jambo lingine. Uvira iko karibu metre 800 juu ya bahari, Bukavu karibu 1.500. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo pikipiki iliyopimwa chini kando ya ziwa itaonekana kushiba esanse kupita kiasi huku juu. Musiharakishe kusema imeharibika. Na kama mumefanya yote haya na bado inazimika, mupimishe nafasi ya valve motere ikiwa baridi. Ile iliyokazwa sana inaleta ugonjwa unaofanana kabisa.

Juma lililopita tulirudi ku lile daraja na watu wawili juu. Tulivuka kwa vitesi ya kwanza, mukono karibu umeacha gaze, tukasimama katikati kusudi tusikilize. Iliendelea. Visi ndogo iko muzunguko mumoja na robo tatu. Tumeandika mu kaye inayotundikwa ku mulango wa magazini, na tarehe ya kusafisha tena ni mwisho wa likizo, mbele pikipiki haijawashwa.