Mafua yakibisha hodi, nyanya hufungua kitambaa

Baridi ya mwezi wa Julai inapoingia Nairobi, ni nadra kupata nyumba isiyo na mtu anayepiga chafya. Mama wa mjini humtuma mtoto dukani kununua tembe. Lakini nyanya aliyekuja kutembea kutoka mashambani hufungua fundo la kitambaa chake na kutoa kipande cha gome la mti.

Gome hilo ni la muthiga, kama Wakikuyu wanavyouita. Wamaasai huuita osokonoi, nao wataalamu huuita Warburgia ugandensis. Ukilitafuna, ulimi huwaka kama uliokula pilipili, na punde pua iliyoziba huanza kufunguka. Wengine hulichemsha wakanywa maji yake. Ukali huo si mchezo: mwaka wa 1976 wanasayansi walieleza kwamba miti ya jamii hiyo ina kemikali zinazowafanya viwavijeshi wakatae kula.

Mkaratusi nao tumeuzoea hata tukadhani ni wa kwetu, kumbe asili yake ni Australia. Uliletwa Kenya mwaka wa 1902 ili utoe kuni za kuendeshea garimoshi. Majani yake huchemshwa, mgonjwa akajifunika blanketi na kuvuta mvuke. Kule Pwani, kivumbasi hufanya kazi iyo hiyo.

Hapo kwenye blanketi ndipo pana hatari. Mwandishi wa makala haya angali na kovu mguuni tangu utotoni, siku sufuria ilipopinduka gizani chini ya blanketi. Kwa hivyo mzazi, usimfukize mtoto mdogo hata nyanya akisisitiza. Chai ya tangawizi na ndimu, iliyopoa kiasi, yamtosha mtoto mkubwa. Asali nayo asipewe kamwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwani huweza kuwa na viini vya sumu asivyoweza kuvihimili.

Je, dawa hizi zaponya? Mafua huletwa na virusi, na aina zake ni zaidi ya 200. Hata zile tembe za rangi mbili ambazo watu hujinunulia bila kumwona daktari, zile za kuua bakteria, haziviwezi. Mafua mengi huisha yenyewe baada ya wiki moja au siku kumi. Mvuke na tangawizi humpa mgonjwa nafuu tu. Lakini mtoto akihema mbio, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, weka sufuria kando umkimbize hospitalini. Hiyo huenda ikawa nimonia, nayo haingoji majani.

Muthiga wenyewe unateseka. Wachuuzi hubambua gome kuzunguka shina lote, na mti hukauka ungali wima. Nyanya yangu alikuwa na mmoja nyuma ya zizi. Alichuma majani tu, ambayo huwasha vilevile, na aliyethubutu kuupeleka panga alifukuzwa kwa mwiko.