KANGA WANAKUFA WIKI YA KWANZA? SHIKA GOLE KWANZA, MCHAWI BAADAYE

Wadau, kilio cha wanaojaribu kufuga kanga ni kile kile. Mayai yamekaa siku zake 26 mpaka 28, vifaranga wametoka wazima, siku ya kwanza wanakimbia kama wamewashwa betri. Siku ya tatu au ya nne unafungua banda asubuhi unakuta watano wamelala chali, kesho yake saba. Hapo ndipo majina yanapoanza kutajwa... kideri, sumu, jicho la jirani. Wengine wanakimbilia duka la dawa za mifugo na kurudi na pakiti ya antibayotiki, wanamwaga kwenye maji, basi.

Mimi nasema kabla ya yote hayo, mshike kifaranga gole.

Kwa wasiolifahamu, gole ni ule mfuko ulio chini ya shingo ya ndege, mwanzo wa kifua, umeegemea upande wa kulia. Chakula kikimezwa kinasimama hapo kwanza, kinaloana na maji, halafu kinateremka kidogo kidogo kwenda tumboni na kwenye firigisi kusagwa. Kwa hiyo ukiligusa gole unajua alichokula kifaranga saa chache zilizopita. Huna haja ya mashine wala daktari, ni vidole vyako viwili tu.

Sasa kwa nini vifo vinakuja siku ya tatu au ya nne na si siku ya kwanza? Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Kifaranga anatotolewa na mabaki ya kiini cha yai tumboni mwake, na hicho kinaweza kumlisha siku mbili hadi tatu bila kugusa punje. Ina maana yule ambaye hajajua kula na yule aliyekula vizuri, siku ya kwanza wanafanana kabisa. Wote wanalia, wote wanakimbia. Kiini kikiisha ndipo unagundua nani alikuwa anaishi kwa akiba. Kwa macho huwezi kuwatofautisha mapema, lakini kwa gole unaweza, tena siku ile ile ya kwanza.

Namna ya kushika: jioni, wakati wametulia, chukua vifaranga kama kumi kutoka kona tofauti za banda. Usiwachukue walio karibu na chakula peke yao, utajidanganya. Kifaranga wa kanga ana uzito wa kama gramu 25 tu, kwa hiyo mshike kiganjani polepole, kisha pitisha kidole gumba na cha shahada chini ya shingo bila kubinya.

Gole zuri limejaa, la mviringo, na laini kama kuna uji mzito ndani. Huyo amekula na amekunywa, mrudishe. Ukikuta gole limejaa lakini ni gumu, unahisi chembe za chakula kama zilivyo, huyo amekula bila maji. Likiwa limevimba na linachezacheza kama puto la maji, amekunywa bila kula. Na likiwa bapa, hakuna kitu, basi huyo ndiye maiti ya keshokutwa usipofanya jambo usiku huu.

Wafugaji wa kuku wa nyama wana vipimo vyao: saa mbili baada ya kuwaweka vifaranga ndani wanataka robo tatu yao wawe na chakula goleni, na ikifika saa 24 wawe si chini ya 95 katika kila 100. Kanga ni mwoga na mgumu zaidi kufundishika, lakini lengo la saa 24 ni zuri hata kwake. Ukishika kumi ukakuta watatu wako bapa, tatizo ni la banda zima, usihangaike na hao watatu peke yao.

Na tatizo la banda mara nyingi ni baridi. Kifaranga wa kanga wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi kama 35, halafu unapunguza nyuzi tatu hivi kila wiki. Akisikia baridi hali, anajikunyata na wenzake chungu nzima, na hata kile kilichomo goleni kinateremka kwa shida. Walio Njombe, Mbeya au Arusha wanajua usiku wa huko si mchezo, umeme nao ukikatika saa nane usiku ndiyo basi tena. Jiko la mkaa lililofunikwa chungu linasaidia sana, ila acha hewa itoke, moshi wa mkaa unaua kimya kimya. Kinengunengu chako kiwe cha duara, wakirundikana kwenye kona wa chini wanakosa pumzi.

La pili ni maji. Wape kwanza maji ya vuguvugu, chakula kifuate. Mmoja mmoja mchovye ncha ya mdomo kwenye maji, tone tu, atameza na kujifunza. Chombo kiwe kifupi na ujaze vijiwe safi ndani yake, maana hawa viumbe wanazama kwenye maji ya kina cha kidole, na akiloana tu anapata baridi, tunarudi kule kule kwa kwanza.

La tatu, na hili wengi hawalifikirii, ni kilichotandikwa chini. Vumbi la mbao au maranda membamba siku za mwanzo ni balaa. Kifaranga bado hajui chakula ni kipi, anadonoa chochote, gole linajaa maranda. Wewe ukishika unasema huyu kashiba! Lakini ukisikiliza vizuri vidole vyako utahisi ni gumu, lina nyuzinyuzi, na asubuhi liko vile vile. Magazeti nayo yanateleza, miguu inapanuka anakuwa kilema. Gunia kuukuu lililofuliwa ndilo zuri kwa siku nne tano za kwanza, mwagia chakula juu yake waone. Ukiweza changanya vifaranga wawili watatu wa kuku wa umri ule ule, kanga wataiga kudonoa.

Halafu gole lililojaa linaweza kukudanganya pia kama limejaa pumba tupu. Kanga mdogo anahitaji protini asilimia 24 hadi 26, zaidi ya chakula cha kawaida cha vifaranga wa kuku. Dagaa waliosagwa laini wasio na chumvi nyingi wanasaidia, na mchwa ndiyo usiseme. Kaskazini mwa Ghana na Burkina Faso, ambako kanga wanafugwa karibu kila mji wa kijijini, watu wanatega mchwa kwa vyungu vyenye majani makavu na samadi kwa ajili ya vifaranga. Wakianza kula majani au wadudu, wawekee mchanga safi kidogo wa kusaidia firigisi, na majani yakatwe madogo kabisa. Nyasi ndefu zinajiviringa goleni kama kamba.

Wakifika siku nne tano anza kushika na alfajiri pia, kabla hawajala. Gole la jioni lilitakiwa kujaa, la alfajiri litakiwe kuwa tupu au karibu tupu (kama taa inawaka usiku kucha wanaweza kuwa wamekula, hilo lizingatie). Likiwa bado limejaa, kuna kitu kimeziba au limelala. Gumu: mpe matone ya maji ya vuguvugu pembeni mwa mdomo, moja moja, mtie joto, papasa gole taratibu. Laini, lina maji na linanuka uchachu: hapo kuna uwezekano wa kuvu aina ya kandida, ambayo hupenda vyombo vichafu, chakula chenye ukungu na vifaranga waliopewa antibayotiki muda mrefu. Umeona? Ile pakiti uliyomwaga siku ya tatu bila kujua ugonjwa inaweza kukuletea huu. Kuvu hawafi kwa antibayotiki, kuna dawa yake kama nistatini, na hiyo mwone daktari wa mifugo akupe kipimo.

Jamani, ile ya kumning'iniza kifaranga kichwa chini na kumkamua iacheni, maji yanaingia kwenye mapafu na anakufia mkononi. Kumnywesha mafuta kwa nguvu ni vile vile. Na wembe wa kupasua gole, kwa kiumbe cha gramu 25, hata tusijadili.

Jambo moja nje kidogo ya gole, lakini linaua na linafanana na ugonjwa: soma mfuko wa chakula ulichonunua. Baadhi ya vyakula vya kuku wa nyama vimetiwa dawa ya kuzuia koksidiosi iitwayo monensini. Kuku anaivumilia kwa kipimo chake, kanga hatakiwi kuila, na farasi ndiyo kabisa. Muuzaji akikwambia "chakula ni chakula tu mzee", mwombe akuonyeshe maandishi kwenye mfuko.

Kama unalelea kwa kuku mama badala ya kinengunengu, kushika gole kuko pale pale, ila fanya jioni wakisharudi. Na usiwafungulie mapema asubuhi nyasi zikiwa na umande, subiri jua likaushe. Kufikia wiki ya tatu hivi, kwa mbio za hao vifaranga, utakuwa unawashika wale wanaobaki nyuma tu, na hao ndio hasa wa kushikwa.