Roho yenye wasiwasi katika kitubio

Ndugu waseminari, Kisangani kama popote, padri muungamishi atakutana na mkristu huyu: ameondolewa dhambi siku ya posho, na kabla ya Misa ya siku ya Mungu amerudi. «Padri, labda sikusema yote.»

Tusimdhani mtakatifu, wala mwenye pepo. Ni mgonjwa. Wazo baya linamwingia asipolitaka. Na pasipo kukubali hakuna dhambi. Lakini anaogopa, basi anaungama tena, ao ananawa mikono tena, ao anarudilia sala zake. Hofu inapungua kidogo, halafu inarudi na nguvu zaidi. Tukimwondolea tena na tena kwa huruma, tunalisha ugonjwa wake.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliteswa hivyo kule Manresa mwaka 1522, hata akajaribiwa kujiua. Alipata amani alipokata shauri asiungame tena dhambi za zamani. Waganga nao wamefika karibu na njia ile: mwaka 1966 Victor Meyer wa Uingereza alionyesha kwamba mgonjwa akizuiwa asitimize desturi yake, hofu inapungua yenyewe. Kuna dawa pia, kama sertralini, ila inataka majuma mengi.

Basi tufanye nini? Mgonjwa awe na muungamishi mmoja. Huyu amwambie kwa upole: «Umekwisha kuondolewa, sitasikiliza tena jambo hilo.» Kisha amtume kwa mganga anayejua magonjwa ya akili, wala si kwa watoa pepo.