Aibu ya hedhi inavyoficha maradhi ya wanawake mashambani

MSICHANA anayesoma katika shule ya umma nchini Kenya ana haki ya kisheria ya kupewa sodo bila malipo. Dadake aliyeacha masomo baada ya kupata mimba hana haki hiyo. Mama yao, ambaye angali anapata hedhi kila mwezi, hana pia.

Pengo hilo linadhihirika katika maeneo kama Asumbi, kaunti ya Homa Bay, kwenye barabara itokayo Rongo katika kaunti jirani ya Migori. Asumbi imejulikana kwa elimu tangu enzi za wamishonari wa Kikatoliki, na hadi leo ina shule ya upili ya wasichana na chuo cha walimu. Lakini nje ya ua wa taasisi hizo wanaishi wanawake wakulima na wachuuzi ambao mjadala wa taifa kuhusu hedhi huwapita kando.

Kwa zaidi ya miaka 20, mjadala huo umejengwa juu ya nguzo mbili: shule na sodo. Mnamo 2004 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa bidhaa hiyo. Mwaka wa 2011 ilianza kutenga fedha za kuwanunulia wanafunzi sodo. Kisha Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi, yanayoilazimu serikali kumpa sodo za kutosha kila msichana aliyebaleghe na kusajiliwa katika shule ya umma.

Hatua hizo ni za kupongezwa, ingawa ugavi wenyewe umekuwa ukikatizwa mara kwa mara. Hata hivyo, hazijaugusa mzizi wa tatizo, ambao ni aibu. Aibu hii haiishii kwenye vazi lililochafuka. Humfunga mwanamke kinywa hata pale anapougua.

Damu isiyo chafu

Kila mwezi, mji wa mimba hujitayarisha kumpokea mtoto kwa kujenga utando wenye damu nyingi ndani yake. Mimba isipotungwa, utando huo hubomoka na kutoka. Hiyo ndiyo hedhi.

Mzunguko wa kawaida wa mwanamke mzima huchukua siku 21 hadi 35, na damu hutoka kwa siku mbili hadi saba. Kwa wastani, damu yote ya hedhi moja ni mililita 30 hadi 40, yaani vijiko viwili au vitatu vya mezani. Si uchafu, si laana wala si ugonjwa.

Licha ya hayo, katika sehemu nyingi za mashambani Afrika Mashariki mwanamke aliye mwezini hukatazwa kuchuma mboga au kupita katika shamba la njugu karanga, eti mimea itanyauka. Sayansi haina ushahidi wowote wa jambo hilo.

Jamii ya Waluo haikuwaacha wasichana wake bila mafunzo. Walilala katika siwindhe, nyumba ya bibi kizee, ambako walifundishwa mambo ya utu uzima kwa hadithi na mawaidha. Shule za bweni zilipoenea, siwindhe ilififia. Mzazi akadhani mwalimu atafundisha, naye mwalimu akadhani mzazi amekwisha kufundisha. Katikati ya dhana hizo mbili kukabaki kimya.

Kimya hicho kina gharama. Septemba 2019, msichana wa miaka 14 huko Kabiangek, kaunti ya Bomet, alijitoa uhai baada ya kudaiwa kuaibishwa na mwalimu kwa kuchafua sare yake. Kisa hicho kiliwafanya wabunge wa kike kuandamana hadi Wizara ya Elimu. Februari 2023, Seneta Gloria Orwoba naye alitakiwa kuondoka katika kikao cha Seneti kwa sababu ya doa jekundu kwenye suruali yake nyeupe. Ikiwa seneta hasazwi, mchuuzi wa samaki sokoni atasalimika vipi?

Kitambaa gizani

Wanawake wengi mashambani hutumia vitambaa, kwa kuwa bei ya pakiti ya sodo hushindana na ile ya unga na sabuni. Kitambaa chenyewe si kibaya. Kikifuliwa kwa sabuni na maji safi, kisha kianikwe juani hadi kikauke kabisa, kinaweza kutumika tena kwa usalama.

Tatizo ni kwamba aibu hukataza jua. Kwa kuogopa macho ya majirani, mwanamke hukificha kitambaa chini ya godoro au nyuma ya nguo nyingine, nacho hubaki na unyevu unaostawisha viini. Kuwashwa na harufu vinapofuata, huona haya kwenda zahanati.

Umaskini nao huwasukuma wasichana kwenye hatari nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015, uliowahusisha zaidi ya wanawake na wasichana 3,400 katika maeneo ya mashambani magharibi mwa Kenya, ulibaini kuwa mmoja kati ya kila 10 wenye umri wa miaka 15 au chini alikuwa amewahi kushiriki ngono ili apate pesa za sodo.

Aidha, takwimu za kitaifa za afya za 2022 zilionyesha kuwa asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika kaunti za Homa Bay na Migori walikuwa wamewahi kushika mimba, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 15. Msichana wa aina hiyo akiacha shule, jina lake hutoka katika sajili, na haki yake ya sodo hukomea hapo.

Utafiti mwingine uliohusisha wasichana 751 wa shule 30 za msingi katika kaunti ya Siaya, uliochapishwa mwaka wa 2016, una funzo muhimu. Waliopewa sodo au vikombe vya hedhi vya silikoni walikuwa na maambukizi machache ya magonjwa ya zinaa kuliko wenzao. Lakini idadi ya walioacha shule haikupungua. Vifaa hulinda afya, ila haviwezi kufanya kazi yote peke yake.

Damu inapokuwa dalili

Fauka ya hayo, mwanamke aliyefundishwa kuificha damu huificha hata ile inayoashiria maradhi. Damu inayotoka kwa zaidi ya siku saba, inayolowesha sodo kila saa moja au mbili, au yenye mabonge makubwa, si ya kawaida. Huenda ikasababishwa na uvimbe katika mji wa mimba, na humwachia mwanamke upungufu wa damu. Katika eneo la Ziwa Victoria, ambako malaria pia hupunguza damu mwilini, hatari huwa maradufu.

Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au baada ya mwanamke kukoma hedhi, inahitaji uchunguzi wa haraka. Inaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo huwakumba wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi takriban mara sita zaidi ya wengine. Homa Bay na Migori zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa kaunti zilizoathiriwa zaidi na virusi hivyo.

Sera ya kitaifa ya usafi wa hedhi ya 2019 hadi 2030 inawataja wanawake na wasichana wote, si wanafunzi pekee. Njia ya kuitekeleza ipo tayari: wahudumu wa afya ya jamii wanaozuru nyumba kwa nyumba. Wanapouliza kuhusu homa ya mtoto na chandarua, waulize pia kuhusu damu ya mama. Nao waume, ambao aghalabu hushika mfuko wa nyumba, wajumuishwe katika mazungumzo hayo.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwanamke wa kijijini hakuchagua kuyaficha. Alifundishwa kuyaficha tangu alipovunja ungo, na waliomfundisha ndio wenye wajibu wa kumfungua kinywa.